Tovuti ya Sabuni na Pua ya Mama Mdogo

Leo nimepatikana. Tena Ujiji, mbele ya ukoo, kwa laptopu yangu mwenyewe.

Wana kundi, mnajua mimi ni mtengeneza tovuti. (Najua mnajua. Nimeandika kwenye wasifu wangu kwa herufi kubwa, na kiroketi pembeni.) Basi mama mdogo wangu, Mama Riziki, ana kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese. Akanipa kazi ya tovuti yao. Mumewe, yaani baba mdogo, akaguna: "Huyu? Si ndiye anayepaka rangi hewani?" Mama mdogo akanitetea mbele ya watu wote.

Leo mchana alikuwa anakuja mnunuzi kutoka Kasulu, mama mwenye maduka yake, kuamua kama atachukua sabuni yao au ya wengine. Tovuti ilitakiwa kumwonyesha kwamba hawa ni watu makini. Makini!

Asubuhi nipo chumbani kwangu Gungu, napamba. Kwa wasiojua: tovuti bila CSS ni kama nyumba bila lipu. CSS ndiyo inayosema rangi iwe hii, picha ikae hapa, ukubwa uishie pale. Na brauza ina sehemu ya ukaguzi ambako unaijaribu CSS na kuona mabadiliko papo hapo. Tamu ajabu. Ina shida moja tu: mabadiliko hayo unayaona wewe peke yako. Usipoyanakili kwenye faili na kulipandisha mtandaoni, dunia haina habari nayo, na ukurasa ukifunguliwa upya yanapotea.

Na faili lililokuwa mtandaoni? Lilikuwa na picha ya mama mdogo akitabasamu, kubwa vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Pia mistari myekundu niliyozungushia kila kitu ili nione visanduku vinaishia wapi. (Ni mbinu ya kitaalamu. Nyamazeni.)

Nikaingia kwenye ukaguzi, nikaanza. Picha nikaibana ikaenea vizuri. Mistari nikaifuta. Rangi ya mawese hapa, kivuli kidogo pale, maandishi yakatulia. Nikajipongeza kwa sauti. "Nitanakili baadaye," nikasema. Mara dada akaita kwamba migebuka, wale samaki wetu wa ziwani, imeiva. Mtu mwenye akili timamu ataacha migebuka ipoe? Nikala, nikafunika laptopu, nikapanda bodaboda.

Ujiji nikakuta sebule imejaa: kina mama wa kikundi, bibi yetu aliyekuja kutoka Kidahwe, na yule mnunuzi. Nikatoa shikamoo mpaka zikaniishia. Nikafunua laptopu. Ukurasa ulikuwa bado wazi, unang'aa. Vigelegele!

"Hii umetengeneza wewe, binti?" mnunuzi akauliza.

"Ni kazi ndogo tu, mama," nikajibu, kwa ule unyenyekevu wa mtu asiyekuwa nao hata chembe.

Baba mdogo akapaza sauti kutoka nyuma: "Sisi wa huku hatuoni. Tupe anwani tufungue kwenye simu."

Hapo mtu mwenye busara angesingizia chaji imeisha. Mimi nikaitaja anwani herufi moja moja, kwa sauti ya mtangazaji. "Fungueni wote!"

Mtu akakohoa.

"Rehema," baba mdogo akaniita taratibu, "hii ni nini?"

Nikachukua simu yake. Picha ilikuwa kubwa kiasi kwamba simu iliweza kuonyesha sehemu ya katikati tu. Na katikati ya uso wa mtu kuna nini? Pua. Pua ya Mama Riziki, skrini nzima! Imezungushiwa mstari mwekundu kama ushahidi wa polisi. Na kitufe cha "Agiza Hapa" kimekaa sawasawa ndani ya tundu la kushoto.

Mama mdogo akaipokea simu, akaigeuza juu chini. "Huyu ni mimi?"

"Ego, ndiyo, ni wewe," bibi akathibitisha, simu ya jirani ameigandamiza karibu na macho. "Pua hiyo ni ya kwetu."

"Ni mtandao tu!" nikapiga kelele. (Mtandao wa watu, maskini, haukuwa na kosa lolote.) "Simu zenu zina shida. Ngoja niirifreshi laptopu, ukurasa ufunguke upya, muone!"

Jamani. Nilirifreshi. Kwa kidole changu. Bila kulazimishwa. Ukurasa mzuri pekee uliokuwa umebaki duniani ulikuwa kwenye skrini ile, na nikaufuta mwenyewe mbele ya mashahidi. Laptopu ni pana kuliko simu, kwa hiyo safari hii tulipata pua pamoja na nusu ya mdomo.

Baba mdogo akalala kwenye kochi kwa kicheko. "Agiza hapa! Nani anaingiza kidole?"

Mnunuzi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ushungi. Mama mdogo hakucheka. Aliniangalia tu, na nilitamani afadhali anichape.

Kisha akaleta beseni la maji na mche wa sabuni. "Mama," akamwambia mnunuzi, "ile ni pua. Sabuni ni hii. Nawa."

Mnunuzi akanawa. Povu likajaa. Akanusa viganja vyake, mara moja, mara ya pili. "Nitachukua," akasema. "Na nikirudi Kasulu sitawasahau. Nitawasahauje?"

Mimi nikadhani nimesamehewa, nikaanza kukunja waya wa chaji. Mama mdogo akanishika bega. "Kaa hapo. Hutoki humu mpaka uso wangu uwe na masikio."

Nikakaa. Masikio yalihitaji mstari mmoja wa CSS. Mmoja! Rangi za asubuhi ndizo ambazo sikuzikumbuka tena, kwa hiyo tovuti sasa ina rangi ya mawese yaliyoungua, na skrinishoti za baba mdogo zimeshafika mpaka mtaa wa Katubuka.

Kwa hiyo, kazi ikikupendeza, hifadhi kwanza, majivuno hayaharibiki yakisubiri. Na mkicheka, chekeni bila kuandika kitu: jana nilimuunga mama mdogo kwenye kundi hili, anasoma polepole lakini anafika mwisho.