Fomati ya Haraka

Chini ya ngazi za jengo la maduka, mahali ambapo watu wenye akili zao wangeweka mifagio, palikuwa na kliniki. Daktari wake alivaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, na wagonjwa wake wote walikuwa diski za kompyuta. Kuhusu shahada yake naomba tusiulizane, maana yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Siku hiyo aliingia mpiga video wa harusi, kijana anayeitwa Kamera, jasho linamtiririka. Mkononi alikuwa na diski yenye harusi nzima ya watu, saa sita za video, na nakala nyingine hakuwa nayo kwa sababu alishaifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi. Familia ya bibi harusi ilikuwa imejazana sebuleni ikisubiri kuitazama, na runinga yao imeikataa diski katakata.

"Lakini asubuhi imefunguka vizuri tu kwenye kompyuta yangu," alisema Kamera.

"Hiyo ilikuwa pumzi ya mwisho," alisema Daktari.

Akaichomeka. Kompyuta yake ikaandika kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, yaani ipangwe upya kama tupu. Daktari akavua miwani taratibu, akainamisha kichwa.

Sasa nikunong'oneze. Diski ile ilikuwa nzima, haina hata mafua. Ilikuwa tu imefomatiwa kwa namna inayoeleweka na kompyuta ya Kamera na ndugu zake wa chapa moja. Fomati ziko nyingi. FAT32 inajulikana na kila mashine, ila faili moja likizidi gigabaiti nne inalitema. NTFS ina nguvu, ila inachagua marafiki. exFAT haina maringo, inabeba mizigo mikubwa na inakaa na karibu kila mtu. Ukichagua vibaya mwanzoni, diski itakuwa hai kwako na maiti kwa jirani. Daktari aliyajua hayo fika, na ndiyo yaliyomlipia pango la pale chini ya ngazi.

"Pole sana, mdogo wangu. Niachie mwili, nitakupa nauli."

Kamera akauacha. Aliondoka na noti moja mkononi, mwanamume mzima mwenye ndevu, analia waziwazi. Ataiambia nini ile sebule? Watu hawawezi kuoana upya kwa ajili yake.

Pazia la mlangoni lilipotulia, Daktari alichagua exFAT, akabonyeza fomati ya haraka, na kabla hujamaliza kupiga chafya maiti ilishafufuka. Akaipangusa, akaipanga rafuni pamoja na "diski mpya kutoka nje".

Kesho yake akaja mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani, na kikapu.

"Mwanangu Daktari, nina misiba mitano," alisema, akazipanga mezani diski tano. "Kila moja terabaiti nne. Zote zimezima."

Daktari alimeza mate. Akaigeuza skrini ielekee ukutani, akachomeka ya kwanza, fomati ya haraka, ikatokea: terabaiti nne, nyeupe, safi. Ya pili vilevile. Hadi ya tano alikuwa anakaza midomo asicheke.

"Zimekufa, mama. Hazina hata joto."

"Haya. Na ile fomati ya polepole, inayokagua kila kona? Usingejaribu hata kwa moja?"

"Mama yangu, hiyo ni ya watu wasio na wateja. Miaka yote mimi ni ya haraka tu."

"Basi chukua zote, unipe moja nzima niwawekee wajukuu katuni."

"Chagua mwenyewe, mama. Nimekuonea huruma tu."

Mama akawa anazigeuza diski za rafuni moja moja kama anachagua nyanya. Akasimama kwenye iliyokuwa na nukta nyekundu kwa chini, nukta ya rangi ya kucha. Daktari alidhani ni alama ya kiwandani.

Haikuwa ya kiwandani. Mama yule alikuwa shangazi yake Kamera, na nyumbani kwake kila kitu kina nukta ile, pasi, sufuria, hadi chaja, kwa sababu ndugu zake huazima na kusahau. Diski ile alimpa Kamera kwa mkono wake, na Kamera alikuwa amemsimulia yote. Na kabla ya kustaafu alikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi, kwa hiyo alijua kwamba fomati ya haraka haifuti vitu, inachana orodha ya vilivyomo tu. Alasiri hiyohiyo akaiokoa harusi yote, hadi mjomba aliyeanguka akicheza. Akaihamishia kwenye kompyuta, akairudisha kwenye diski ileile ya exFAT, na sebule ikatazama.

Zile tano alikuwa amezinunua mtandaoni, tano kwa bei ya moja, naye akalizwa. Zilijisema terabaiti nne. Ukweli wake ulikuwa gigabaiti kumi na sita kila moja, na kinachozidi hapo kinamezwa kimyakimya.

Wiki ile Daktari alihamishia humo hazina yake yote, maelfu ya filamu alizokuwa akiwanakilia wateja. Diski zake za zamani akaziuza siku hiyohiyo. Jumamosi mteja akaomba filamu, haikufunguka. Akaomba nyingine. Daktari alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta, koti limechafuka, pazia lilipofunguka.

"Kuna mgonjwa?" aliuliza Shangazi.

"Mama, filamu zangu. Asubuhi zimefunguka."

Shangazi akavaa miwani, akaitazama skrini, akaivua taratibu, akainamisha kichwa.

"Hiyo ilikuwa pumzi ya mwisho," alisema. "Niachie miili, nitakupa nauli."

Daktari akanyoosha mkono. Akapokea noti, akaigeuza. Pembeni ilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha, na ilikuwa noti ileile aliyompa Kamera ya nauli siku alipoondoka akilia.