Hotuba ya Kuzindua Maktaba ya Wapelelezi wa Kimarekani, Ibra, Omani

Waheshimiwa masheikh mliokaa mbele, waheshimiwa mliokaa nyuma mkidhani hamuonekani, mama zetu wa Soko la Jumatano, wageni wa Sur mliofika kabla ya halwa, wageni wa Nizwa mliofika pamoja nayo, Sheikh Khalaf mwenye sabla hii, ukumbi wa wageni tulimokusanyika, na Bi Ghalia, mjane wa marehemu Shihab na mfadhili wetu pekee wa vitabu, shikamoo; anayehisi amesahauliwa ajijumuishe mwenyewe. (Makofi.)

Mimi, Dokta wa Heshima Bassam bin Tuwaini, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya projekti hii, nasimama juu ya jukwaa hili imara lililofunikwa zulia kwa maelekezo yangu binafsi, (Bi Ghalia: “Jukwaa hilo mbona kama nalijua?”) ahsante bibi, linajulikana mpaka Muscat. Zakariya, nijazie kahawa. Mila yetu haimsaili mgeni mpaka aitikise finjani kuonesha ametosheka, nami, alhamdulillahi, sijatosheka. (Minong’ono: “Ya saba hiyo!”)

Ndugu wadau, kwa mujibu wa stratejia yetu, riwaya ya upelelezi ya Kimarekani mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa katika awamu ya kwanza, ambapo mpelelezi alikuwa bwana mtanashati aliyekaa kitini akifumbua mafumbo kwa akili tupu bila kutia vumbi viatu vyake, mfumo ambao Kamati imeuiga kikamilifu, kwani nasi tangu tuundwe hatujaondoka vitini. (Kicheko.) Awamu ya pili akaja mpelelezi wa kisayansi, mwenye mitambo ya kupima moyo wa mwongo unavyodunda, (sauti: “Mleteni huyo hapa!”) mitambo ambayo wataalamu wetu wameona haifai kwa hali ya hewa ya mkoa wetu wa Sharqiyah.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaingia awamu ya tatu, ya majarida ya karatasi hafifu na bei chee, na humo akazaliwa mpelelezi mkavu, koti limekunjana, maneno machache, anapigwa leo kesho yuko njiani, hamwamini mtu. Na kila akichimba, mhalifu si kibaka wa uchochoroni, bali ni mkubwa wa mji, mwenyekiti wa kamati, anayesimama juu akihutubia... Hapa aliyeniandikia kazidisha. Naruka ukurasa. (Kicheko kirefu.)

Majarida hayo marehemu Shihab aliyakusanya Unguja, kwa mabaharia, akayabeba mpaka Ibra, na kila alasiri akimsimulia mkewe kwa Kiswahili. Akafariki akiwa katikati ya hadithi moja, muuaji hajatajwa. Ndipo Bi Ghalia, macho yamepunguka, akatukabidhi kasha zima kwa sharti moja tu, kwamba siku ya uzinduzi asomewe mwisho wake. (Bi Ghalia: “Miaka miwili nangoja, mwanangu!”) Subira, bibi, subira ndiyo upelelezi wenyewe!

Data zinajieleza: asilimia tisini na tatu nukta sita ya vitabu vimeazimwa, kila kimoja kikisomwa na wastani wa wasomaji wanne na robo, yule robo akiwa bado anaendelea. Tawi la Nizwa limekamilika katika kiwango cha ubao, tawi la Aija, kule Sur, katika kiwango cha maono, na tangazo letu liko Bidbid, njia inapogawika, ili anayekwenda Nizwa na anayekwenda Sur wote wajue kuwa hawajafika. (Makofi ya mtu mmoja.) Kwani mpelelezi wa kweli, anapomfikia mwongo, husimama wima, akautikisa mkono wake hivi...

(Anautikisa mkono wenye finjani. Zakariya anaipokea kwa adabu. Ukumbi: “Katikisa! Katikisa!”)

Sikutikisa! Nilikuwa natoa mfano!

(Sheikh Khalaf: “Finjani imesharudi, Dokta. Mgeni sasa husailiwa. Bi Ghalia, sema.”)

(Bi Ghalia anavua ufunguo shingoni: “Kwanza, marahaba, mwanangu Bassam. Pili, kasha nilikupa na kufuli lake, na ufunguo hujaniomba mpaka leo. Hao wasomaji wako wanne na robo wamepenya tundu la kufuli? Na hiyo misumari ya shaba inayochungulia chini ya zulia, chini ya viatu vyako, si ya kasha langu? Teremka, baba.”)

(Anateremka.)

Usomaji hoyee! (Watu wanalitazama kasha.) Upelelezi hoyee! (“Hoyeee!”)

Namalizia, nikiwa sasa ngazi moja na wananchi, kwa kumshukuru Bi Ghalia aliyetupa kasha, na kasha lililotupa jukwaa. Nawashukuru wafanyakazi wa maktaba, ambao wakiajiriwa wataarifiwa. Na nalishukuru kwa namna ya pekee jengo la maktaba, ambalo kutokuwapo kwake ndiko kulikotuwezesha kukutana hapa...

(Hakuna anayemsikiliza. Kufuli limefunguka. Najla, mjukuu wa Bi Ghalia, katoa jarida lililokunjwa pembe ya ukurasa, na anakimbilia mwisho. Bi Ghalia: “Wee! Usinambie nani. Anzia pale babu yako alipokoma.”)