Saini ya Quek Eng Soon, Dakika Moja Kabla ya Saa Kumi

Njooni, enyi wapangaji wa dunia, ninyi mliokatazwa kupiga hata msumari mmoja ukutani! Nanyi wamiliki, mnaolipa mkopo wa nyumba mpaka meno yang'oke, sogeeni vilevile, msijione. Vuteni viti, zimeni simu, na anayekohoa akohoe sasa amalize; kwa maana naisimulia vita kuu iliyopiganwa katika mtaa wa Toa Payoh, siku ya Jumamosi, mchana kweupe, baina ya Quek Eng Soon na kalamu.

Quek Eng Soon! Simba wa majedwali, mkokotoaji asiyelala, mume wa Pei Shan, mpangaji wa ghorofa ya tisa! Shujaa huyu hakuwa na upanga wala farasi. Alikuwa na kompyuta, na kwa kompyuta hiyo alifanya biashara iliyomletea sifa na vidonda vya tumbo, nayo ni kuuza haki. Mtu alimlipa Eng Soon pesa kidogo leo, naye akampa haki ya kununua hisa zake kwa bei waliyopatana, mradi aitumie kabla ya siku fulani. Siku ikipita bila haki kutumiwa, haki inakufa, na Eng Soon anabaki na hisa zake na pesa za watu. Kwa miaka minne aliziombea haki za wengine kifo, nazo zikafa kwa maelfu, naye akanenepa. Isipokuwa mwezi mmoja ambao hazikufa, yeye na mkewe wakala mayai tu siku thelathini. Mwezi ule hautajwi katika nyumba ile, wala mimi siutaji, maana nami niliwahi kununua hisa za glavu za mpira siku zilipokuwa kileleni, na glavu mkononi sina hata moja.

Basi, ilikuwa desturi ya nchi ile kwamba anayetaka kununua nyumba mkononi mwa mtu hulipa kwanza dola elfu moja, akapewa karatasi ya haki ya kununua, na kuhesabiwa siku ishirini na moja. Siku ya mwisho, ikifika saa kumi alasiri na karatasi haina saini yake mbele ya muuzaji, haki imekwenda, na elfu moja imeifuata. Karatasi hiyo, ya nyumba ya Anti Rokiah wa jengo la mkabala, Pei Shan alikwisha kuitia saini siku ile ile ya kwanza, akiwa amesimama, hata mkoba hajautua. Mstari wa mumewe ulikaa mtupu siku ishirini, ukaingia ya ishirini na moja ungali mtupu.

Wala si kwamba mkewe alikuwa na haraka ya bure. Katika miaka sita walikuwa wamehamishwa mara tano, na notisi ya sita ilikuwa imebandikwa kwenye friji.

Hata ilipotimia saa tisa, Pei Shan alisimama mbele ya kochi akasema, "Saa tisa hiyo, Eng Soon. Karatasi unaiona, au nikuletee miwani?"

Shujaa akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mkono kama anayeamuru majeshi. "Pei Shan! Lisikie neno la hesabu! Haki haitumiwi mapema na mtu mwenye akili, kwa maana kila dakika iliyobaki ina thamani yake. Tunayo saa nzima! Huenda katika saa hii bei za nyumba zikaporomoka!"

"Leo Jumamosi? Ziporomoke wapi, chooni?"

"Jedwali limenena! Tukiendelea kupanga, na kinachobaki tukakitia kwenye hisa, baada ya miaka ishirini na mitano tutakuwa mbele kwa dola elfu themanini na tatu!"

"Na sufuria zangu zimo kwenye jedwali? Zina miaka sita ndani ya boksi. Nikikutana nazo njiani sizitambui."

"Sufuria ni mali isiyozalisha!"

"Haya, bwana mzalishaji. Saa kumi ikipita hujasaini, mimi na maboksi yangu tunahamia kwa mama. Hiyo ya saba naihama mwenyewe, bila notisi ya mtu. Wewe kapange chumba na jedwali lako, mlale mzungu wa nne."

Eng Soon alimjua mkewe: hakuwa mtu wa kutisha watu kwa mchezo. Lakini mkono uliozoea kusubiri haki zife hauinuki upesi kuifufua moja, nao ulibaki juu ya tumbo lake, umelala.

Hapo kengele ikalia, na adui ambaye hakuna jedwali lililombashiri akaingia kwa tabasamu. Ndiye Desmond, dalali wa mwenye nyumba, na nyuma yake vijana wawili, mke na mume, wenye utepe wa kupimia.

"Bosi, samahani! Kaa tu, kaa, usisumbuke. Tunaangalia dakika tano, tunaondoka."

Dakika tano za dalali, jamani, ndani yake mtu anaweza kupika maharage. Yule kijana akafungua friji, akainama, akauliza, "Hii inabaki? Pamoja na huu mchuzi?" Mkewe akapima dirisha, akapima mlango, akaazima kalamu pekee iliyokuwa mezani ili aandike vipimo, kisha akafika kwenye kochi, akamtazama Eng Soon kama mtu anayetazama doa.

"Huyu anko anatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi," akasema Desmond.

"Vizuri. Hapo alipo tutaweka tangi la samaki."

"Mimi ningali hapa!" akanguruma Eng Soon, ambaye alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita na hajawahi kuitwa anko na mtu mwenye mvi mbili.

"Ndiyo, anko, nakuona. Inua mguu kidogo, utepe upite."

Naye akauinua! Quek Eng Soon, aliyezizika haki za matajiri, aliinua mguu ili apimiwe samaki wasiokuwapo bado. Na mguu ukiwa ungali hewani, akalipitia jedwali lake lote kichwani, mstari kwa mstari, kodi, riba, ukarabati, bima, akitafuta palipoandikwa thamani ya mguu ule. Hapakuandikwa.

Akashuka kochini kama mwamba unaoporomoka. "Pei Shan! Karatasi!"

"Na hundi ya muuzaji?"

"Na hundi! Kalamu iko wapi?"

"Ameishika mpima samaki. Anti Rokiah anazo, twende! Saa tisa na dakika arobaini na mbili!"

Wakatoka, yeye katika kaptura ya kulalia na ndara, mkewe nyuma akiwa ameikumbatia karatasi. Jengo la muuzaji lilikuwa mkabala tu. Lakini chini yake, kwenye uwazi wa ghorofa ya chini, palikuwa na harusi, na bwana harusi ndipo alikuwa akiwasili. Matari yakapigwa mbele yake, matari yakapigwa nyuma yake, na Eng Soon akaingia katikati akitafuta lifti. Wapigaji, kwa kuona mtu anayekimbia kwa bidii namna ile, wakamzunguka kwa heshima zote.

"Ndiye huyu?" akauliza mama mmoja, akimrushia mchele. "Mbona kaptura?"

"Siye! Huyu wangu!" akapiga kelele Pei Shan, akamkamata ukosi wa fulana, akamvuta mpaka ndani ya lifti, mchele ukimdondoka masikioni.

Ghorofa ya kumi na mbili, mlango ulikuwa wazi. Anti Rokiah, mpishi mstaafu wa kantini ya shule, alikaa ndani amevalia hariri ya harusini, lakini harusini hakushuka, kwani alikuwa akiitazama saa ya ukutani. Jirani yake alikwisha kumwahidi dola elfu thelathini zaidi ya bei yao, ili nyumba aipate mpwa wake, iwapo saa kumi itapita salama.

"Ala! Kumbe mnakuja!" akasema, na uso wake ukachelewa kidogo kufurahi. "Vueni viatu. Kaeni. Kuleni kwanza."

"Anti, kalamu tu!"

"Kalamu? Mtu aingie kwangu atoke na tumbo tupu, watu watanionaje?"

Enyi wasikilizaji, nani awezaye kupigana na adui anayekarimu? Akaweka mbele yao sahani ya ondeh-ondeh, vile vidonge vya kijani vyenye nazi kwa nje na sukari ya maji kwa ndani. Kidonge hicho hutiwa mdomoni kizima na midomo ikafungwa. Eng Soon, kwa haraka, alikikata kwa meno. Sukari iliruka kama mshale, ikalikosa lile jina la Pei Shan kwenye karatasi kwa upana wa kidole, ikatua kwenye kidevu cha Pei Shan mwenyewe.

Na hapo saa ya ukutani ikagonga saa kumi.

"Pole, mwanangu," akasema Anti Rokiah polepole. "Muda umekwisha."

"Simu yangu inasema bado dakika tatu!" akanguruma Eng Soon.

"Simu ya juzi hiyo. Saa hii imelisha shule nzima miaka thelathini."

Pei Shan akajifuta kidevu. Hakupaza sauti. "Anti, siku ile ya kwanza ulituambia mwenyewe. Uliitanguliza dakika tatu, ili watoto wasije wakakuta wali haujaiva."

Dola elfu thelathini zikapita mbele ya macho ya mama yule, moja moja, zikimpungia mkono.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema, Anti."

"Mdomo wangu huu!" Akajipiga mdomoni kwa vidole viwili, kisha akaingiza mkono kwenye mkoba wa harusini, akatoa kalamu. "Saini, kijana. Saini upesi kabla sijapata akili!"

Ndipo Quek Eng Soon akaishika kalamu, na dola elfu themanini na tatu za mwaka usiojulikana zikamwita kwa sauti tamu, naye akaziba masikio yaliyojaa mchele, akaandika. Q ikasimama. U ikafuata. Kalamu ikasita kwenye E, ikajikaza kwenye S, na ilipokuwa saa tisa na dakika hamsini na tisa, jina lote lilikuwa limelala juu ya mstari wake, na Pei Shan akaketi sakafuni ghafla, kama mtu aliyetua boksi alilolibeba miaka sita.

"Hongereni," akasema Anti Rokiah, akikunja hundi. "Sasa mjue, bomba la jikoni linadondosha. Mwezi wa tatu huu."

Eng Soon, kwa desturi ya wapangaji wote tangu kuumbwa kwa kodi, akatoa simu upesi na kuanza kupekua majina kwa hasira.

"Unampigia nani?" akauliza mkewe.

"Mwenye nyumba!"

Pei Shan akainuka, akaichukua ile simu, akaizima, akamgeuzia kioo cheusi usoni. "Huyu hapa. Mwambie."

Shujaa akamtazama yule mtu kiooni, mwenye mchele masikioni na sukari mashavuni. Kisha akakohoa, akaweka mikono nyuma, na kwa sauti nzito ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake, akajibu, "Nitakuja kuliangalia wiki ijayo."

Na wote waliokuwapo wakatambua kwamba mwenye nyumba amezaliwa.