Habari za Otto wa Mjimwema na Kitufe Kilichotoweka Asubuhi ya Kikao

Punguzeni redio, enyi watu wa Mjimwema, na ninyi wa Lizaboni mliopita tu kuulizia bei ya vitunguu, vuteni viti mkae. Na ninyi akina mama mnaoijua habari ya kila nyumba kabla mwenye nyumba hajaijua, tegeni sikio, kwa kuwa hii mlisimuliwa na Saada msusi, na Saada hawezi kusimulia jambo bila kujiweka yeye katikati. Nawe Umeme, mgeni usiyebisha hodi wala kuaga, uliyezoea kuondoka wali ukiwa jikoni, tunakusihi leo ubaki nasi, walau hadi shujaa wetu apate kile alichokitafuta.

Alikuwepo katika nyumba ya shangazi yake, Getruda muuza maandazi, kijana aitwaye Otto, mzaliwa wa Peramiho, Otto wa Vidole Vyepesi, Otto Asiyepepesa Mbele ya Kioo, ambaye mababu zake walikwenda vitani na ngao ya ngozi na yeye akaenda na laptopu yenye ufa pembeni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta za mezani, na kazi ya kwanza kubwa maishani mwake aliipata kwa Umoja wa Wafuga Nyuki wa Bonde la Mkole, waliotaka dirisha moja tu kwenye kompyuta yao: jina la mfugaji liingie, kilo za asali ziingie, kisha kibonyezwe kitufe kimoja kilichoandikwa HIFADHI, basi.

Lugha aliyoitumia Otto haikuwa ile ya kuisukuma mashine hatua kwa hatua, chukua hiki, peleka kule. Ilikuwa lugha ya matamko, ya kifalme kabisa. Mtengenezaji hukaa akatamka: na kuwe na dirisha, na ndani ya dirisha kuwe na gridi, yaani jamvi lililogawanywa safu kwa safu, na katika safu hii kuwe na kisanduku cha jina, na katika safu ile kuwe na kitufe. Mashine husoma matamko hayo toka juu hadi chini, na yaliyotamkwa huwa. Lakini ole wake asahauye kutamka neno! Mashine haimkemei. Haipigi kelele, haisemi “hapa umekosea, bwana.” Hunyamaza kimya kama mkwe aliyeudhika, na kilichosahauliwa hukipangia mahali inapojua yenyewe.

Sasa siku ile ilikuwa siku ya hukumu. Kamati ya Umoja ilikuwa inakuja hapo hapo nyumbani kwa Getruda kuitazama programu, kabla ya adhuhuri, na katika kamati hiyo walikuwamo wenye moyo mgumu. Mzee Polikarp, mfuga nyuki tangu ujana wake, alikwisha sema waziwazi kwamba kazi hii wapewe watu wa kampuni moja ya Dar, wenye tai. Otto akishindwa leo, kazi inaondoka, na yeye anarudi Peramiho kushika jembe kwa kaka yake. Na Getruda je, aliyewatangazia wateja wake wote, mpaka wa mkopo, kwamba mpwa wake anaongea na kompyuta nayo inamtii? Angepitia mtaa gani?

Na asubuhi hiyo, ya Mungu mengi, kitufe kikatoweka.

Jana yake kilikuwapo. Kilikuwa juu kabisa ya dirisha, safu ya kwanza, kwa sababu mwenyekiti, Mama Adela, aliagiza kiwe pale macho yanapoanzia. Lakini asubuhi Otto alikuwa na kazi nyingi: alibadilisha rangi, akakuza herufi kwa ajili ya macho ya wazee, akarekebisha majina, na mwisho wa yote akaiweka picha aliyotumiwa na Mama Adela kwa WhatsApp, picha ya marehemu Mzee Athanasi, mwasisi wa Umoja, amesimama mbele ya ukuta mweupe na kofia yake ya kufukizia nyuki. Akafungua dirisha alione. Mzee Athanasi huyo hapo, anang'aa. Visanduku hivyo hapo. Kitufe hakipo.

“Ee kitufe!” akalia Otto, mikono kichwani. “Nimekutamka kwa jina, nimekupa upana, nimekupa rangi ya kijani ya miombo wakati wa mvua! Umenikimbilia wapi?”

“Nani kakimbia?” Getruda akauliza toka kwenye karai la mafuta.

“Kitufe, shangazi.”

“Kilikuwa cha shati gani?”

Ukumbi ukacheka, kwa maana nyumba ya Getruda haijawahi kukaa tupu tangu ijengwe. Kulikuwa na waliokuja kunywa chai, na waliokuja kusubiri waliokuja kunywa chai, na Saada msusi mwenyewe, ambaye siku hiyo alikosa mteja akaona bora aje kukosa mteja penye watu.

Hapo Otto akashuka vitani. Aliingia kwenye ule uwanja mkubwa wa mtandaoni ambako watengenezaji wa madirisha toka kila pembe ya dunia huenda kulia, naye akayakuta maswali yao yamejipanga kama majeshi. Huyu alia: kwa nini kitufe changu kimenenepa hadi kujaza dirisha zima? Yule: nimebadilisha jina huku ndani, mbona huko nje linasomeka la jana? Mwingine: nimeongeza mtu kwenye orodha, orodha inajifanya haijamwona. Na mwingine, masikini, aliyeuliza tu jinsi ya kukiweka kitu katikati, naye alijibiwa na watu wengi waliogombana wenyewe kwa wenyewe hadi wakamsahau. Otto akaandika lake: “Kitufe changu hakionekani. Nifanyeje?” Akajibiwa upesi, na jibu likasema swali hili limekwisha ulizwa. Alipotaka kubonyeza aone limejibiwaje, bando likaisha.

“Saada dada yangu, nirushie bando kidogo.”

“Bando?” Saada akashika kiuno. “Mimi nilikuomba unipige picha za misuko yangu ukasema una kazi na kamati. Nenda kaombe kamati.”

“Nitakupiga hata leo jioni.”

“Na mtoto wa kike akikaa kwenye picha unamwambia ageuke vizuri, siyo unapiga tu. Mwezi uliopita ulimpiga Zuhra kisogo chote kikafichwa na mtandio.”

Bando halikuja. Akabaki peke yake, yeye na mashine. Akamshuku kila mtu. Aliishuku rangi ya kijani, akaifuta. Aliushuku upana, akauondoa. Alizishuku herufi kubwa, akazirudisha ndogo. Kitufe hakikutokea. Kwa hasira akagonga vidole juu ya kibodi, ule ufunguo wa kurukia toka kisanduku hadi kisanduku, kisha ule wa kukubali, na lo! kompyuta ikalia ting, na maneno yakatokea chini: IMEHIFADHIWA.

Otto akaganda. Akarudia. Ting. IMEHIFADHIWA.

“Kipo,” akanong'ona. “Kitufe kipo. Kinafanya kazi. Ila hakionekani.”

“Jini hilo,” Saada akatoa hukumu.

“Usinitajie majini humu ndani,” Getruda akasema, “hii nyumba ilibarikiwa na padre.”

“Mama, kwani jini linauliza dini kabla ya kuingia?”

Walipokuwa bado wanacheka, mlango ukafunikwa na kivuli, na wote wakanyanyuka, maana aliyekuja mapema kuliko kamati nzima alikuwa Mzee Polikarp mwenyewe, Polikarp Aliyeumwa na Nyuki Asilie, mkononi fimbo, usoni hakuna dalili ya huruma.

“Shikamoo mzee,” ukumbi ukasema.

“Marahaba. Hamjambo humu? Hicho kidude kinafanya kazi au twende Dar?”

“Karibu mzee, karibu sana,” akasema Otto. “Keti popote.”

Na hivi ndivyo ilivyo kwetu: mtu mzima akiingia haambiwi akae wapi. Nani amnyooshee kidole? Hufunguliwa nafasi yote, naye huchagua. Polikarp akatazama huku na huku, akalipita sofa lenye mto, akavuta kigoda kilicho karibu zaidi, akakiegemeza kwenye kabati la vyombo la Getruda na kuketi, mgongo kwenye vioo vyake, mapana kwa mapana.

Getruda akainua chupa ya chai. Akaiweka chini. Akaiinua tena. Wageni wakamtazama, maandazi yalikuwa yanapoa. Akamnong'oneza Saada, na Saada, ambaye hajui kunong'ona, akanong'ona nyumba nzima ikasikia isipokuwa masikio ya mzee, yaliyokuwa na umri wake:

“Vikombe vipo, jamani! Vyote vipo kabatini. Basi tu mzee kavikalia mbele, nani atamwambia?”

Otto akageuka.

Akavitazama vile vikombe, ukingo wa kimoja ukichungulia nyuma ya bega la mzee. Akamtazama Polikarp. Akakitazama kioo cha kompyuta, ambako Mzee Athanasi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake mweupe, mweupe sawasawa na dirisha lenyewe, hata jicho lisijue ukuta unaishia wapi.

Naam, alimshuku kila mtu isipokuwa marehemu! Kumbe asubuhi ile, alipofika kuitamka picha, mkono wake ulisita. Kitufe alikiambia safu ya kwanza. Visanduku aliviambia safu zake. Lakini mwasisi wa Umoja, mtu aliyezikwa na kanisa zima likilia, yeye Otto wa juzi ampangie pa kukaa? Akamtamka mwisho kabisa, jina tu, bila safu, kwa adabu, kama anayesema: mzee, keti popote. Na mashine, isiyofahamu adabu zetu, asiyeambiwa safu humweka safu ya kwanza. Na aliyetamkwa mwisho humsimamisha juu ya waliotangulia. Mzee wa watu akasimamishwa juu ya kitufe, na kitufe kikawa kinafanya kazi yake gizani, chini ya koti lake.

“Mzee wangu Athanasi,” Otto akasema kwa sauti, “unisamehe. Nilikukaribisha nisikuonyeshe kiti.”

“Sasa anaongea na wafu,” Polikarp akasema. “Twende Dar.”

Lakini shujaa alikwisha kunja mikono ya shati. Akashuka hadi mstari wa mwisho wa matamko yake, akamwandikia marehemu safu ya kwanza, yake peke yake, isiyoingiliwa na mtu. Akapanda hadi kwenye kitufe, akakiandikia safu ya pili. Vilivyobaki akavisogeza chini kimoja kimoja. Akashusha pumzi. Akafungua dirisha.

Na kikatokea! Kikatokea kitufe, kijani kama mwanzo, maana rangi alikwisha kirudishia, na herufi zake, HIFADHI, chini ya miguu ya mwasisi. Saada akapiga kigelegele ambacho waliokuwa barabarani walidhani kuna posa.

Basi Otto, moyo umempanda, akasimama mbele ya Mzee Polikarp, jambo ambalo asubuhi asingelithubutu. “Mzee wangu,” akanena, “nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Kiti chako ni kile pale, penye mto. Ndicho tulichokuandalia.”

Polikarp akamtazama kijana toka miguuni hadi utosini.

“Sasa mbona hukusema?” akafoka. “Nimekaa hapa, kishikio cha kabati kinanichoma mgongo, nasubiri mtu aniambie nikae wapi! Nilidhani hilo sofa la mwenyekiti.” Akanyanyuka akiguna, akahamia penye mto, na Getruda akaliendea kabati kwa mwendo wa mtu aliyefunguliwa gereza.

Chai ilikuwa bado inamiminwa Mama Adela alipofika na kamati yake. Salamu zikaenda zikarudi, watu wakabanana. Mama Adela hakutaka maelezo marefu, alisema tu, “Mzee Polikarp, wewe ndiye uliyekuwa na wasiwasi. Anza wewe.”

Polikarp akasogezewa kompyuta. Alipoiona ile picha akaisogelea. “Athanasi,” akasema polepole, “umekaa mbele. Ndiyo tabia yako hata kwenye vikao.” Akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetafuta malkia ndani ya mzinga, akaandika kilo, akaongeza moja ya sifa, Mama Adela akakohoa, akaipunguza. Kisha akakiinua kile kidole, kidole kinene kilichozoea moshi na miiba, akakishusha juu ya kitufe.

Ting.

“Imeshika?” akauliza.

“Imeshika, mzee.”

“Nitoe niingie tena, isije ikawa kiini macho.” Akabonyeza tena, na tena, mpaka Mama Adela akamshika mkono akimwambia, mzee, sasa una asali nyingi kuliko Umoja mzima.

“Haya, kamati,” Mama Adela akasema. “Tunampa nani kazi?”

Wote wakamtazama Polikarp, naye akanywa chai yake taratibu, akijua anatazamwa. “Wale wa Dar,” akasema hatimaye, “mimi siwajui, nao hawamjui Athanasi. Abaki kijana. Ila hizo herufi zikuzwe.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wako waliokata barabara kwenye milima, wako waliovusha daraja juu ya Ruvuma, nao wanasifiwa, na wasifiwe. Lakini wakitajwa hao, atajwe na Otto wa Mjimwema, ambaye mbele ya mashahidi, maandazi yakiwa bado ya moto kiasi, alikishusha kitufe chenye upana wa kidole gumba toka safu ya kwanza hadi safu ya pili, na kikakaa.