Tumbo Langu na Madirisha Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mteja wa gauni la zambarau ameniuliza najifungua lini. Nimemjibu nilijifungua miezi kumi na moja iliyopita. Akanipa pole. Pole! Kiuno chake nimekipima kwa kukibana kidogo.

Simlaumu sana. Watoto watatu wametoka, ngozi imebaki pale pale inamsubiri wa nne. Hakuna wa nne! Nikikaa kwenye cherehani, yenyewe inatangulia kukaa mapajani. Nimejinyima, nimekimbia, nimejipaka kila kitu isipokuwa grisi.

Nimepigia simu kliniki ya upasuaji, nikiwa bafuni, bomba limefunguliwa nisisikike. Nesi amesema njia ni tatu: kunyonya mafuta, upasuaji mdogo chini ya kitovu, na ule mkubwa. Miadi keshokutwa. Mume wangu nimemwambia naenda kutafuta vifungo. Hakuuliza vifungo gani. Mwanamume mzuri.

Jumanne, 5 Machi

Daktari anakata watu, mimi nakata nguo mwaka wa tisa huu. Kwa nini nimwache akisie? Mchana wateja walipokatika, nilipanda juu ya meza ya kukatia, nikalala chali, nikajipima kwa futi kamba. Chaki inafutika kwa jasho, kwa hiyo nikatumia kalamu ya kuandikia maboksi. Mstari safi, nyonga hadi nyonga. Kisha nikakata mfano wake kwa karatasi, na tundu la kitovu kipya.

Binti yangu mkubwa akaingia, akauliza ile sketi ya nani. Ya mama mmoja mfupi, nikasema.

Wino hautoki. Nimesugua kwa sabuni ya vyombo. Hautoki!

Jumatano, 6 Machi

Maafa. Naingia chumba cha kusubiri, nani amekaa chini ya saa ya ukutani? Wifi yangu! Dada wa mume wangu, mwenye tumbo kama meza ya pasi, ambaye kila tukikutana ananiambia, "Jikaze, wifi." Alijificha nyuma ya gazeti. Alilishika juu chini. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ana chunjua. Na mimi je? Nimekuja kupima mapazia, nikasema.

Nesi akasikia. Kumbe wanatafuta fundi wa mapazia tangu mwaka jana! Nimepima madirisha tisa, wifi ananitazama, tumbo nimelivuta ndani mpaka kizunguzungu.

Alipoondoka ndipo nikamwona daktari. Nikamtandikia karatasi yangu mezani. Akasema nilijipima nikiwa nimelala, na mtu akisimama ngozi inashuka. Kwa ramani yangu kitovu kingehamia jirani kabisa. Hakucheka. Alikohoa tu, mara tatu.

Kunyonya mafuta, alisema, kutaniachia foronya isiyo na mto. Upasuaji mdogo hautagusa ngozi ya juu ya kitovu. Unaonifaa ni mkubwa: ngozi inapunguzwa, misuli iliyoachana inashonwa pamoja. Hapo tukaelewana, mtu na fundi mwenzake. Kovu litabaki, refu. Na wiki sita nisinyanyue kitu kizito kuliko birika. Akauliza kama mtoto ameacha kunyonya. Ameacha, nikasema. (Alikuwa ameacha tangu asubuhi ile, kwa sababu amelala.) Kuna nafasi tarehe ishirini. Nimjibu Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilifanya jaribio: siku nzima bila kumnyanyua mtoto. Mume wangu nilimwambia madirisha yamenikaza mgongo, akamwita mama yake aje kunisaidia.

Kitinda mimba wetu tunamwita Bosi, na ana sababu zake. Alitambaa mpaka miguuni pangu, akanyoosha mikono. Nikamwambia kwa upole, mama hanyanyui. Akanitazama kama nimechelewa kazini. Nikashona. Akangoja. Dakika ishirini! Hakulia, ndiyo iliyoniua. Nikaona nilale sakafuni, maana kulala si kunyanyua. Akanipanda mwenyewe, akasukuma blauzi juu, akashika ile ngozi kwa mikono miwili kama mshikio wa kikapu, akanyonya, akasinzia. Sikutikisika. Mguu ukafa ganzi.

Mama mkwe akaingia na kikapu cha nguo. Akauona mstari.

"Nani amekuchora, mwanangu?"

Nikamwaga yote. Hakunigombeza. Akaniambia lake lilibeba watoto saba, na mmoja wao ndiye yule anayekoroma kwangu, kwa hiyo nimlaumu yeye. Kisha sauti ikakaza: "Tumbo ni lako, ukitaka kulikata likate. Lakini daktari hadanganywi. Huyu bado ananyonya."

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga simu, nimesema kweli. Daktari akashukuru. Akasema nimwachishe kwanza, kisha ipite miezi sita, ndipo nirudi. Nafasi ya tarehe ishirini atapewa mwingine.

Jioni mwingine akanipigia. Wifi! Ndiye aliyepewa nafasi yangu, na chunjua hakuna. Tumbo lake la meza ya pasi ni mkanda, anaufunga kabla watoto wake hawajaamka. Akasema anaogopa. Nilitaka kumwambia jikaze, neno lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikamweleza habari za foronya, na aulize kuhusu misuli. Tulilia kidogo. Nimeahidi kutomwambia mtu.

Jumapili, 10 Machi

Nimejirekebisha. Uongo basi! Umenichosha, na mapazia tisa bado hayana pindo.

Ila huyu Bosi lazima aachishwe, na akiniona haachi. Kwa hiyo nitaondoka siku tatu. Nitajificha kwa msusi, nyumba ya mbele yetu. Watu wa nyumbani nimewaambia ni mafunzo ya ushonaji, mbali kidogo. Huo si uongo, ni matibabu. Wifi peke yake anajua.

Mume wangu ameingia sasa hivi, uso unang'aa. Dada yake amemweleza kila kitu: na yeye anakwenda mafunzo hayo hayo, pamoja na mimi, kuanzia tarehe ishirini. Wiki sita! Anajivunia sisi wawili. Ameshamwambia mama yake ahamie kwetu.

Ningefanya nini? Nikisema siyo, siri ya wifi imetoka. Nikasema ndiyo, wiki sita, ni mafunzo mazito, kuna na cheti.

Dirisha la msusi linatazama mlango wetu. Kila asubuhi nitamwona Bosi akitambaa barazani, na yeye hatajua nipo. Nimeupitia mpango huu mara mbili. Sioni kasoro.