Kurumbiza na Taa wa Gumbo

Mheshimiwa Kaimu Kamishna, waheshimiwa wawakilishi wa wawakilishi, Baba Askofu, machifu, wafadhili wetu wapendwa, wadau wa sekta mtambuka, na ninyi wananchi wa Gumbo mlioletwa na udaku: mimi Ezbon, Mratibu Mkuu wa Uratibu, nasema itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Tangu amani itiwe sahihi, hakuna afisa aliyevuka daraja la Juba na fikra nzito kama zangu. Niliwauliza mnahitaji nini, mkajibu, "Taa." Kwa kapasiti niliyojaliwa nikaandika taa, na leo nazindua Kituo cha Utafiti Linganishi baina ya kurumbiza, ndege anayewaimbia alfajiri vichakani, na taa, yule samaki bapa wa baharini mwenye mwiba mkiani. (Sauti: "Samaki?")

Matokeo ya awali yanatia moyo. Kurumbiza huimba, taa haimbi. Kurumbiza ana mabawa. Taa ana mapezi mapana kama mabawa, ila hatui mtini. Tena asilimia mia moja ya taa tuliowatafuta hapa Gumbo hawakupatikana, jambo linaloonyesha jinsi wanavyohitaji kituo.

(Sanyu, Mganda muuza chapati, anasimama: "Mkubwa, ulisema taa inakuja, nibomoe kibanda nguzo ipite. Nimebomoa na mikono yangu. Mimi iko na watoto. Sasa napikia wapi?")

Mama, kibanda chako kimejitolea kwa ajili ya sayansi.

("Haikujitolea. Ni wewe ulisema.")

Tafadhali kaa, tufuate ajenda.

("Nikae wapi? Benchi yangu ndiyo hiyo umekalisha Kamishna." Kicheko kirefu. Dau, mkalimani wa Kiarabu cha Juba, anakataa kuendelea. Anasema hayo yameeleweka bila yeye.)

Wivu wa maendeleo huo. Nihitimishe. Kurumbiza hoyee. Taa hoyee.

("Mafi," anajibu Sanyu kwa Kiarabu cha Juba. "Hakuna.")

Asante, mama, kwa mchango wako. Namshukuru mpiga picha, aliyekwepa kwa ustadi uwanja mtupu ulio nyuma yangu. Zaidi nawashukuru ninyi nyote kwa kujitokeza kwenye ufunguzi wa kituo hiki, ambacho tayari mwezi jana tuliwaarifu wafadhili kwamba kimemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa, na kikafungwa.