Bawaba za Mlango wa Bibi Harusi

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Likizo imeanza na tayari nimechoka. Baada ya adhuhuri kulikuwa na kikao cha familia hapa kwangu. Ajenda: gari la kumpeleka binti yangu Ruweyda kwa wakwe zake Bura, Alhamisi. Mimi sikuona ajenda yoyote hapo. Ni baba. Nina gari.

Mama mkwe wangu, Weris, akasema bibi harusi atapanda gari la Abdihafid. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Gari lake ni refu, jeusi, na mlango wake hujifunga taratibu kama mtu anayevuta pumzi. Langu ni saluni nyeupe iliyozeeka pamoja nami, na milango yake hulia. Weris alisema mlango wa nyuma kushoto ukifunguliwa hapa, ngamia wa sokoni huinua vichwa. Watu walicheka. Hata mke wangu Bishara, ingawa yeye alijiziba mdomo kwa mtandio.

Jioni Ruweyda alinifuata uani.

"Aabo, ukiunyamazisha ule mlango, nitapanda lako. Ayeyo niachie mimi."

Ayeyo ni bibi yake, Weris. Basi nitaunyamazisha. Fundi simwiti. Fundi akija, Abdihafid atasikia, na akisikia atakuja kusimamia. Nimefundisha ngeli za nomino miaka mingi. Bawaba hazinishindi.

Jumapili, 10 Agosti

Mafuta ya kupikia. Nilimimina kwenye bawaba za milango yote minne. Nikafungua, nikafunga. Kimya. Nilikaa ndani ya gari peke yangu nikifurahia.

Upepo ukaanza. Agosti hapa Garissa upepo huja na mchanga mwekundu, na mchanga wote ulikuja kwa bawaba zangu kama ulioalikwa. Kufikia alasiri mlango haulii tena. Unakoroma.

Abdihafid alipita kutoka msikitini. Aliusikiliza, akauliza kama gari lina mafua. Nikamwambia ni mafuta mapya, bado yanazoeana na chuma. Akasema inshallah. Naijua ile inshallah yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri usiku kucha. Mafuta ya kupikia ni mepesi mno. Kinachotakiwa ni kitu kizito. Jikoni kulikuwa na samli ya ngamia, zawadi ya jamaa wa Modogashe kwa ajili ya harusi. Nilichukua kidogo. Kisha kidogo tena.

Nikapaka juu ya mchanga wa jana. Kuosha kwanza niliona ni kupoteza muda. Mlango ukanyamaza kabisa. Nikauacha wazi samli iingie vizuri, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, mbuzi wa jirani walikuwa wanaramba bawaba. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti cha nyuma akitafuna kitambaa nilichokitandika kwa ajili ya bibi harusi. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye abiria aliyechelewesha safari ya wenzake.

Bishara alitoka na kopo la samli mkononi. Aliniuliza polepole sana. Nilijaribu kusema paka. Akasema paka hajui kufungua kopo na kulifunga tena. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikwenda kwa Gumato, mwanamke anayeuza spea karibu na soko, nikanunua kopo la grisi nyeusi. Nikapaka bawaba. Lakini kopo lilikuwa bado limejaa, na mkono ulikuwa tayari mchafu. Nikapaka makomeo ya milango, reli za viti, buti na boneti. Mahali palipoonekana tundu, nilisukuma grisi kwa kidole mpaka tundu likakataa.

Ruweyda alitazama simu yake akasema video inashauri kufuta grisi inayobaki nje. Kufuta? Kitu nimetoka kukipaka!

Weris aliitwa kuushuhudia mlango. Akafungua. Akafunga kidogo. Akafungua tena. Hapakuwa na sauti hata ya mbu. Akasema haya, msichana apande la baba yake. Abdihafid alikuwapo. Alikuwa anatazama viatu vyake. Sijawahi kula chakula cha jioni kitamu vile, japo kilikuwa maharagwe ya asubuhi.

Jumatano, 13 Agosti

Mlango wa nyuma kushoto haufungiki.

Hauna sauti, lakini haufungiki. Ukiusukuma, unarudi wenyewe kwa upole. Komeo limejaa grisi na mchanga wa Jumapili na samli, na kile chuma kidogo cha ndani kinachopaswa kuushika mlango kimeganda. Nilikichokoa kwa kijiko. Kijiko kimebaki ndani.

Kumwambia mtu sasa ni kumpa Abdihafid bibi harusi mkononi. Nimepitisha kamba dirishani nikaufunga mlango na ile nguzo iliyo kati ya milango miwili. Juu yake nimezungusha utepe mwekundu na wa dhahabu. Ukisimama mbali unapendeza.

Nilimwambia Ruweyda atapandia mlango wa kulia, kwa sababu ya baraka. Alinitazama kwa muda, akasema sawa, Aabo.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumeondoka mapema, magari mengi. Langu mbele, Abdihafid nyuma yangu, karibu sana. Ruweyda alikaa nyuma amevaa dirac, lile gauni jepesi la harusi, jeupe, na hina mpaka kwenye viwiko. Bishara alikaa naye. Bado hakuwa akinisemesha, lakini alipanda gari langu. Hilo nililiona.

Kwenye kizuizi cha barabarani afisa mmoja aliinama dirishani.

"Mzee, mbona huu mlango umefungwa na kamba?"

"Ni mapambo."

"Mapambo ya fundo namna hii? Fungua."

Sikusogea. Akafungua mwenyewe. Fundo likaachia, mlango ukafunguka bila sauti, ukamgonga goti. Akaushika kwa mikono yote miwili, na mikono ikawa myeusi mpaka kwenye vifundo. Alijitazama. Akamtazama bibi harusi. Akasema, "Hongera, dada. Endeni tu, mzee."

Nilijaribu kuifunga kamba tena. Ilikuwa imelowa grisi, kila fundo likateleza. Abdihafid alikuwa ameshashuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwambia Ruweyda, "Njoo huku, mpenzi. Nafasi ipo."

Mimi nikaendelea kuhangaika na fundo.

Ruweyda alimjibu mjomba wake, "Abti, nusu ya njia nimeshaimaliza. Nitaushika mwenyewe."

Akahamia upande wa kushoto, mama yake akamkamata kiunoni, naye akaushika mlango kwa mkono wa hina. Niliendesha kama ninabeba mayai. Magari yote yalitupita, la Abdihafid la mwisho. Tukabaki sisi watatu na vumbi lao.

Hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Alisema anaogopa. Si mume, mume ni mtu mzuri. Anaogopa kuamka asubuhi Bura na kukuta hakuna mtu anayejua anavyopenda chai yake. Nikamwambia tangawizi nyingi, sukari kidogo, na maziwa yasichemke mara mbili. Akasema, "Kumbe unajua." Bishara akasema kwamba ninajua, ila sijawahi kumpikia mtu. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu mbuzi.

Tulifika wa mwisho, chakula kimeshapoa. Mama wa bwana harusi alimshika Ruweyda mkono, akaona weusi uliotapakaa juu ya hina, na mstari mrefu wa grisi kwenye dirac. Aliuliza ni kitu gani.

Ruweyda alisema ndiyo hina ya kisasa ya Garissa. Yule mama aligeuza mkono, akautazama vizuri, akasema inanuka kama lori. Kisha akacheka, akamkumbatia, naye akachafuka.

Nilikwenda nyuma ya gari nikajifanya naangalia gurudumu. Nilikaa huko muda.

Jumamosi, 16 Agosti

Nyumba imekuwa kubwa. Bishara amebaki Bura mpaka kesho. Nimejipikia chai, haikuwa nzuri.

Ruweyda alipiga simu. Aliuliza kama mlango unafungika. Nikasema ndiyo.

Abdihafid naye alileta ujumbe: ana fundi anayeweza kulitoa komeo lote na kuliosha kwa petroli. Nimemshukuru, nimemkatalia. Gari lina milango mingine mitatu.

Njiani kurudi nilisikia mlio mpya, karibu na gurudumu la mbele, kila nikipita kwenye tuta. Nimetazama video. Ni vile vipande vya mpira kwenye viungo vya chini. Mzungumzaji amesisitiza mara kadhaa kwamba mpira usipakwe grisi wala mafuta ya aina yoyote, kwamba utavimba na kuharibika. Lakini nyuma yake kulikuwa na theluji. Mtu wa theluji anajua nini kuhusu mpira wa Garissa?

Hata hivyo nimejihadhari. Grisi sitatumia. Kwenye meza ya Bishara kuna chupa ya mafuta ya nywele, karibu imejaa. Mepesi, na yananukia vizuri. Nitaanza kesho baada ya alfajiri, kabla hajarudi.